Kengele Sita, Mlango Mmoja: Kuusoma kwa Miguu Mtaa Unaobadilika

Ukitaka kujua mtaa wa mjini unaelekea wapi, usianze na maghorofa mapya wala mabango ya kampuni za ujenzi. Anza mlangoni. Simama mbele ya nyumba kuukuu ya ghorofa, tazama ubavuni mwa mlango, hesabu vitufe vya kengele. Vikiwa sita, kila kimoja na kikaratasi chake chenye jina lililoandikwa kwa mkono, basi nyumba hiyo imegawanywa na humo wanakaa kaya sita. Rudi baada ya miaka michache. Ukikuta kitufe kimoja cha shaba, na matundu matano yaliyozibwa kwa plasta na kupakwa rangi juu yake, umeshapata habari ambayo sensa itachelewa kuileta: kaya sita zimeondoka, imeingia moja yenye uwezo wa kulipia nafasi ya zote. Kuta ni zile zile na paa ni lile lile, ila mtaa si ule.

Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass, mzaliwa wa Berlin aliyehamia London, aliandika juu ya jambo la namna hiyo hiyo. Katika maeneo kama Islington aliona nyumba kubwa za karne ya 19, zilizokuwa zimeshuka hadhi na kukatwakatwa kuwa vyumba vya kupanga, zikirudishwa mikononi mwa watu wenye nafasi. Ilianza nyumba moja, ikafuata ya pili, mwishowe wafanyakazi waliokuwa wakiishi humo wakawa wachache au wakaisha kabisa. Alilipa jambo hilo jina kutokana na neno la Kiingereza linalowataja mabwanyenye wa mashambani, na jina likazunguka dunia: jentrifikesheni. Kiswahili hakijapata neno lake lililotulia. Sioni kama ni hasara kubwa, kwa sababu neno hilo limebebeshwa mzigo usio wake. Mtu akiona duka jipya lenye kioo kipana na mimea ya kwenye chungu, papo hapo hulitamka, utadhani mimea ndiyo iliyopandisha kodi ya pango.

Fundo liko hapo. Anayetembea mtaani huona vitu vinavyobadilika upesi, akavidhania kuwa ndivyo chanzo. Chanzo chenyewe hukaa kwenye vitu vizito na vya polepole: nani anamiliki kiwanja, sheria inaruhusu kujenga nini juu yake, na ardhi hiyo ingeingiza kiasi gani kama ingetumiwa vingine. Hayo hayana rangi wala kioo, lakini yanaacha alama, na alama hizo husomeka vizuri zaidi ukiwa kwa miguu. Msanifu majengo wa Denmark, Jan Gehl, amefanya kazi miaka mingi akieleza kwamba macho na masikio ya binadamu yamezoea kasi ya kilomita 5 kwa saa. Ukipita kwa kilomita 60, unaona mabango makubwa na kuta ndefu basi. Matundu matano ya plasta hutayaona.

Kasi nne kwenye mtaa mmoja

Mtu aliyenisaidia zaidi kuelewa hili si mwanaharakati wala mwanauchumi. Ni mwanajiografia mpole aliyeitwa M.R.G. Conzen, Mjerumani aliyehamia Uingereza mwaka 1933, ambaye mwaka 1960 alichapisha uchunguzi wa mji mdogo wa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, kiwanja kwa kiwanja. Alichokitoa humo ni rahisi kukieleza na kigumu kukisahau. Umbo la mji lina tabaka, na kila tabaka lina ukaidi wake. Barabara hazibadiliki kirahisi. Mipaka ya viwanja hubadilika kwa shida, ingawa si kama barabara. Majengo huja na kwenda. Matumizi ya majengo, yaani duka hili au karakana ile, hugeuka kama nguo.

Ukaidi wa barabara na viwanja unashangaza. Moto mkuu wa London wa mwaka 1666 uliteketeza nyumba zipatazo 13,200. Msanifu majengo Christopher Wren na wengine wakachora michoro ya mji mpya wenye njia pana zilizonyooka, na michoro ikabaki michoro: kila mwenye kiwanja alitaka kiwanja chake pale pale kilipokuwa, na mji ukainuka tena juu ya vichochoro vile vile kwa sehemu kubwa. Roma ina Piazza Navona, uwanja mrefu mwembamba wenye ncha moja iliyoviringika. Hilo ni umbo la uwanja wa michezo uliojengwa na Kaisari Domitian katika karne ya 1. Nyumba zinazouzunguka zimekaa juu ya mabaki ya ngazi za watazamaji. New York nayo ilichorewa mwaka 1811 mpango wa barabara zinazokatana kama daftari la hesabu, lakini Broadway imeendelea kukata mshazari, kwa sababu ilikuwapo kabla ya mchoraji na inafuata njia ya wenyeji waliokuwako kabla ya Wazungu.

Kwa hiyo ukiwa unatembea ukakuta barabara inapinda bila sababu, usiipuuze. Kuna kitu kilikuwa hapo: kijito kilichofunikwa, ukuta wa ngome, mpaka wa shamba la mtu, reli iliyong'olewa. Mara nyingi kitu hicho ndicho kilichoamua pia nani alikaa upande upi, maana ng'ambo ya reli au bondeni kwenye maji hapakuwahi kuwa pa bei moja na pa juu.

Viwanja ndiyo tabaka ambalo watembeaji wengi hulisahau, nami nadhani ndilo la kuangalia kwa makini kuliko yote. Kiwanja hakionekani, lakini milango inakisema. Gehl na wenzake wamekuwa wakihesabu milango: mtaa wenye sehemu za chini zilizochangamka huwa na milango 15 hadi 20 katika kila mita 100. Hesabu mwenyewe. Milango mingi ina maana ya viwanja vyembamba, na viwanja vyembamba vina maana ya wamiliki wengi, kila mmoja na uamuzi wake: huyu anauza, yule anakataa, wa tatu amempangisha shemeji yake kwa nafuu. Mtaa wa namna hiyo hubadilika kwa kumegukameguka. Lakini ukikuta mahali palipokuwa na fremu tano sasa pana ukuta mmoja wa kioo na mlango mmoja katikati, viwanja vimeunganishwa. Duka hilo la kioo linaweza kufa kesho na kuja jingine, hilo si neno. Kiwanja kilichounganishwa hakirudi kuwa vitano ila kwa nadra sana. Badiliko kubwa lilipita siku hiyo kwenye ofisi ya hati, na pengine mtaani hapakuwa na vumbi hata chembe.

Majengo yanasimama katikati ya kasi hizo, na ndiyo yenye hadithi nyingi. London mashariki, kwenye kona ya Brick Lane na Fournier Street, kuna jengo la matofali lililojengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Wahuguenoti, Waprotestanti wa Ufaransa waliokuwa wamekimbia mateso kwao. Mapema karne ya 19 likashikwa na chama cha kuwahubiria Wayahudi Ukristo, kisha Wamethodisti wakalichukua. Mwishoni mwa karne hiyo Wayahudi wenyewe, waliokimbia Ulaya Mashariki, wakaligeuza sinagogi. Mwaka 1976 likawa msikiti wa jumuiya iliyotoka Bangladesh. Kuta ni zile zile. Juu ukutani bado pana saa ya jua yenye maneno ya Kilatini yasemayo sisi ni vivuli.

Geuka sasa utazame nyumba za Fournier Street yenyewe, juu kabisa, chini ya paa. Madirisha ni mapana kupita kawaida ya nyumba za wakati ule. Yalikuwa ya wafumaji wa hariri, waliohitaji mwanga wa mchana kwenye mitambo yao. Wafumaji waliondoka, nyumba zikachakaa zikajaa wapangaji maskini na karakana za nguo, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 zikaanza kununuliwa na kukarabatiwa na watu waliopenda uzee wake. Leo dirisha la fundi maskini ni sifa ya nyumba ya gharama. Sijui kejeli ya mjini iliyo kavu kuliko hiyo.

Ndiyo maana wanaojua kutembea huinua shingo. Sehemu ya chini ya jengo hubadilishwa kila mpangaji mpya anapoingia. Ghorofa za juu hakuna anayezishughulikia, kwa hiyo ndizo zinazosema kweli. Maandishi ya tangazo la zamani yaliyofifia ukutani hukaa huko juu. Hata hivyo, usiamini kila dalili. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia mwaka 1696 hadi 1851, na waongoza watalii hupenda kusema kila dirisha lililozibwa kwa matofali lilizibwa kuikwepa kodi hiyo. Mengine yalijengwa hivyo tangu mwanzo ili uso wa nyumba ulingane pande zote. Siku hizi kuna udanganyifu mkubwa zaidi: jengo zima hubomolewa kwa nyuma, uso wa mbele ukaachwa umesimama, na ghorofa jipya likamiminwa nyuma yake. Nyumba njema si mlango. Ukitaka kujua kama uso una mwili, tazama kama sakafu zinalingana na madirisha. Ukiona bamba la zege linapita katikati ya kioo, umemshika.

Barcelona wamefanya jambo linalokaribiana na hilo waziwazi. Poblenou ulikuwa mtaa wa viwanda vya nguo, na mwaka 2000 jiji lilipitisha mpango uitwao 22@ wa kugeuza hekta zipatazo 200 za ardhi ya viwanda kuwa ya ofisi za teknolojia na makazi. Katika bustani na nyua za majengo mapya zimeachwa dohani za matofali, zimesimama peke yake bila kiwanda wala moshi. Kumbukumbu imehifadhiwa. Ajira ya mle ndani haikuhifadhika.

Pengo lisiloonekana

Turudi kwenye swali la chanzo. Kwa nini mtaa huu ugeuke na ule wa pili yake usigeuke?

Mwaka 1979 mwanajiografia kijana kutoka Scotland, Neil Smith, alitoa jibu ambalo bado halijazeeka. Aliliita pengo la kodi ya ardhi, kodi hapa ikiwa malipo ya kupanga, si ya serikali. Fikiria jengo lililojengwa zamani, wakati mtaa ulikuwa mpya. Miaka inapita, paa linavuja, mwenye nyumba anaona afadhali akusanye kodi ndogo bila kukarabati kuliko kuzika fedha mahali ambapo hata jirani yake hazitii. Jirani naye anawaza hivyo hivyo. Kodi inashuka mwaka hadi mwaka. Wakati huo huo mji unakua, kituo cha treni kinajengwa karibu, ofisi zinasogea, na ardhi iliyo chini ya jengo lile bovu inazidi kuwa ya maana. Kwa hiyo kuna kiasi ardhi inachoingiza leo, na kuna kiasi ambacho ingeingiza kama ingetumiwa kwa kazi inayolipa zaidi. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo pengo. Likiwa dogo, hakuna linalotokea. Likipanuka hata likatosha kulipia ununuzi, ubomoaji au ukarabati, riba ya mkopo na faida juu yake, fedha zinaingia kwa kishindo.

Angalia maana yake kwa anayetembea. Tumezoea kuona uchakavu na uboreshaji kama vitu viwili vinavyopingana: mtaa ulikuwa umeoza, sasa umepona. Kwa hoja ya Smith, uchakavu ni hatua ya kwanza ya safari ile ile. Mfereji wa paa uliokatika kwenye jengo lililo hatua mia mbili kutoka kituo kipya unatabiri zaidi kuliko duka la mimea. Fremu tupu nazo ni za aina mbili, na ni lazima kuzitofautisha. Iliyofungwa kwa kukosa mteja huwa na tangazo la kupangisha, namba ya dalali, na vumbi. Inayosubiri huwa haina tangazo lolote, kufuli ni jipya, na jirani zake wawili nao wamefungwa mwaka huo huo. Hapo mtu amekwisha kununua na anangoja wa mwisho aondoke.

Wapo waliompinga Smith. Mwanajiografia wa Kanada, David Ley, alisisitiza watu: kwamba miji ilizaa tabaka jipya la wasomi wa ofisini waliotaka kuishi katikati ya mji, wakapenda nyumba za zamani na mchanganyiko wa watu, na bila hao wanunuzi hakuna pengo ambalo lingejazwa. Ubishi huo ulichukua miaka mingi na karatasi nyingi. Kwa macho ya barabarani naona wote wawili wana haki, ila Smith anaeleza vizuri zaidi wapi, na Ley anaeleza vizuri zaidi nani.

SoHo ya New York ni mfano ambao watu hupenda kuueleza vibaya. Husemwa wachoraji walihamia, wakaufanya mtaa upendeze, matajiri wakafuata. Sehemu kubwa ya kisa imeachwa nje. Majengo yale yenye nyuso za chuma cha kalibu yalikuwa ya viwanda na maghala, na viwanda vilikuwa vinaondoka. Juu ya mtaa mzima ilining'inia miaka na miaka mipango ya barabara kuu ya juu iliyosukumwa na Robert Moses, afisa aliyesimamia miradi mikubwa ya ujenzi ya New York, na hakuna mwenye akili anayekarabati jengo ambalo huenda litabomolewa. Kodi zikawa za chini kwa sababu ya tishio hilo. Ndipo wachoraji wakapata sakafu nzima, wakaishi humo kinyume cha sheria. Wakazi, mwandishi wa mambo ya miji Jane Jacobs akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakaipinga barabara, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikafutwa. Mwaka 1971 jiji likahalalisha wasanii kuishi katika majengo hayo, na mwaka 1973 mtaa ukalindwa kama eneo la kihistoria. Tishio limeondoka, sheria imefunguka, ubomoaji umekatazwa: pengo limepanuka mara tatu kwa kalamu. Wachoraji ndio waliokuwa wakionekana, kwa hiyo ndio waliopewa sifa na lawama pia.

Berlin iliona kitu cha kasi zaidi. Mtaa wa Kreuzberg ulikuwa umezungukwa pande kadhaa na ukuta uliotenganisha Berlin Mashariki na Magharibi, pembezoni mwa Berlin Magharibi, mahali pa wahamiaji kutoka Uturuki, wanafunzi na waliovamia majengo matupu. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1989 mpaka ulifunguliwa, na Kreuzberg ukajikuta njiani kuwa katikati ya mji uliounganika. Hakuna tofali lililohamishwa pale mtaani, lakini thamani ambayo ardhi ingeweza kufikia ilikuwa imeruka. Kodi zenyewe zilichukua miaka mingi kufuata. Zilipopanda sana, jiji liliweka mwaka 2020 sheria ya kuzizuia, na mwaka 2021 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikaitengua kwa kusema Berlin, ambayo ni jiji na pia jimbo, haikuwa na mamlaka hayo.

Na hata bustani ina historia ya namna hiyo. High Line, reli ya juu iliyogeuzwa bustani magharibi mwa Manhattan, ilipitiwa na treni ya mwisho mwaka 1980 na sehemu yake ya kwanza ikafunguliwa kwa watembeaji mwaka 2009. Maghorofa ya kioo yanayoizunguka husemwa yaliletwa na maua yale. Lakini mwaka 2005, miaka minne kabla ya lango kufunguliwa, jiji lilikuwa limebadilisha sheria ya matumizi ya ardhi ya eneo lile, likaruhusu makazi na majengo marefu kwenye viwanja vya karakana. Maua yalisaidia kuuza.

Rangi kwenye ramani

Kutembea mtaani ukiandika unachokiona si jambo lisilo na madhara, na historia yake inapaswa kumtia mtu haya kidogo. Mwaka 1886 Charles Booth, mfanyabiashara wa Uingereza, alianza kuchunguza umaskini wa London. Ramani zake zilipaka kila barabara moja ya rangi saba, kutoka nyeusi kwa waliohesabiwa kuwa wa chini kabisa hadi njano kwa matajiri. Miaka ya 1890 ilipokuwa inakwisha, wasaidizi wake waliupitia mji tena, barabara kwa barabara, kwa miguu, wakifuatana na askari polisi wa doria, wakiandika hali ya madirisha, milango na watu. Ni kazi ya ajabu na mpaka leo inafaa. Lakini ile nyeusi ilikuwa na maneno yake, na yaliwataja watu kama wahalifu nusu nusu. Askari aliyewaongoza alikuwa na mtazamo wake, ukaingia kwenye rangi.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoundwa mwaka 1933 lilichora ramani za miji zaidi ya 200 kwa rangi nne, kijani hadi nyekundu, kuonyesha hatari ya kukopesha. Mitaa waliyoishi Wamarekani weusi ilipakwa nyekundu karibu kila mahali. Ramani hizo zilikwenda mkondo mmoja na kanuni za wakopeshaji na za serikali zilizowanyima watu hao mikopo, na ubaguzi wa nyumba haukupigwa marufuku na sheria ya taifa mpaka mwaka 1968. Nyumba isiyokopesheka haikarabatiki wala haiuziki vizuri. Ndivyo pengo lile linavyotengenezwa kwa makusudi.

Na si kila mtaa hupanda. Detroit ilikuwa na watu karibu milioni 1.85 mwaka 1950 na chini ya 640,000 mwaka 2020. Huko mtembeaji husoma kinyume: ngazi za zege zinazopanda kwenda kwenye nyumba isiyokuwapo, majani kati ya nyumba mbili zilizobaki, njia iliyokanyagwa mshazari kwenye kiwanja tupu kwa sababu hakuna tena uzio wa kuizuia.

Asiyekuja

Watu hutaka kujua: wanaofukuzwa wako wapi? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwaka 2004 watafiti Lance Freeman na Frank Braconi walichapisha uchunguzi wa New York ulioonyesha kwamba kaya maskini katika mitaa iliyokuwa inapanda zilihama kwa kiwango cha chini kuliko kaya maskini za mitaa mingine. Wengine walishangilia, wakasema basi hakuna anayefukuzwa. Si hivyo. Watu maskini huhama mara kwa mara popote walipo: kazi imekwisha, mtoto ameongezeka, kodi imeshinda. Kilichobadilika ni nani anayeingia katika chumba walichokiacha. Kila chumba kinachokuwa wazi kinachukuliwa na mwenye kipato kikubwa kidogo, na baada ya miaka kumi mtaa ni wa watu wengine bila ya gari moja la polisi kusimama mlangoni.

Mpangamiji Peter Marcuse alikuwa amelitaja jambo hili mwaka 1985. Alihesabu miongoni mwa walioondolewa hata yule ambaye zamani angehamia hapo na sasa hawezi. Huyo huwezi kumwona ukitembea, kwa kuwa hakuwahi kufika. Alihesabu pia shinikizo juu ya aliyebaki: kodi yake imelindwa, kitanda ni kile kile, lakini rafiki zake wamehama, kinyozi amefunga, fundi cherehani amekwenda mbali, na duka lililobaki haliuzi kitu anachokihitaji. Anaishi kwake kama mgeni. Ukimkuta mzee amekaa kwenye benchi akiwatazama wapita njia asiowajua, usimgeuze picha.

Mafundi nawaangalia kwa jicho la pekee. Anayetengeneza redio, viatu au baiskeli anahitaji nafasi, mlango wa barabarani, na kodi ya chini. Hawezi kuongeza bei hata alipe kodi mara tatu. Jacobs aliliona hili mapema: biashara changa na zenye faida ndogo huhitaji majengo ya zamani ambayo gharama yake imekwisha kulipwa. Kwa hiyo mafundi ndio wa kwanza kuondoka. Wakianza kutoweka mmoja mmoja, mambo yamefika mbali, hata kama hujaona kioo kipya hata kimoja.

Ukienda, basi, nenda zaidi ya mara moja. Alfajiri simama karibu na kituo cha basi utazame mwelekeo wa watu: wanaotoka mtaani kwenda kazini ni kina nani, na wanaoingia kuja kufanya kazi humo ni kina nani. Makundi hayo yakianza kutofanana, umejifunza kitu. Mchana mtaa ni wa wazee, watoto na mafundi. Usiku hesabu madirisha yenye taa. Ghorofa jipya lenye giza miezi yote lina wamiliki wasio na haja ya kukaa. Visanduku vidogo vya funguo vyenye namba, vilivyofungwa kwenye vyuma vya ngazi, vinasema vyumba vinapangishwa kwa siku chache kwa wageni. Benchi lililowekewa vyuma vya kugawa nafasi limewekwa ili mtu asilale. Salimia kabla ya kuuliza, na uliza kabla ya kupiga picha. Kumbuka pia kwamba wewe mwenyewe, na daftari lako na viatu vyako vizuri, unasomwa. Mwenye mtaa aliyewahi kuona watu wa namna yako wakipita wiki moja kabla ya nyumba ya jirani kuuzwa ana haki ya kukujibu kwa kifupi.

Kisha itafute karatasi. Katika miji mingi, anayeomba kibali cha kujenga au kubomoa hulazimika kubandika tangazo kwenye nguzo au uzio wa kiwanja, lenye namba ya ombi, maelezo ya kinachokusudiwa, mahali pa kuona michoro, na siku ya mwisho ya kupokea pingamizi. Hubandikwa juu kidogo ya usawa wa macho, kwa herufi ndogo, nyuma ya nguzo ya taa. Isome yote. Ukiwa na simu ipige picha, kwa sababu mvua huifikia kabla ya siku hiyo ya mwisho.